Honi ya Saa Nane na Robo

Ghala lilikuwa la pareto, nyuma ya stesheni ya Nakuru,
na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.
Hilo tu. Sikupiga gita, sikuimba,
nilipima magunia, nikaandika kilo daftarini,
na usiku ule wa Julai nikawafungulia vijana watano
walioniahidi shilingi ishirini
ambazo mpaka leo sijaziona.

Walijiita Heroe Weusi.
Rajula wa Ahero, gita lake kalilipia mpunga wa misimu miwili.
Ambundo kwenye besi, mchana fundi cherehani.
Gathiru nyuma ya ngoma, shati wazi hadi kitovuni.
Tuwei na kinanda chenye vitufe vitatu bubu.
Na Lubale, mwimbaji, ambaye sauti hakuwa nayo;
alikuwa na kiu.

Magunia tuliyapanga hadi darini yanyonye mwangwi.
Yakanyonya. Lakini vumbi la pareto halina adabu:
Gathiru alipiga chafya saba kabla ya kupiga ngoma moja.
"Wadudu hufa, wanamuziki hupona," akasema Ambundo,
na hakuna hata mende aliyebaki kucheka.

Jaribio la kwanza, uzi wa gita ulikatika.
La nne, umeme.
La tisa, Rajula na Tuwei nusura washikane mashati
kwa noti moja, moja tu,
huyu ataka ipande, yule ataka ikae.
Harbans, aliyeazima mashine ya mjomba wake
bila mjomba kuombwa,
akatazama utepe: umebaki wa wimbo mmoja.
Akainua kidole.

Gita likaunguruma kama lori linalopanda Mau kwa gia ya kwanza.
Besi ikaniingia kwa nyayo, kupitia sakafu.
Lubale akafumba macho, akaiimba ile taa ya nyuma,
nyekundu, ndogo, ya behewa la mwisho,
inayoondoka na mtu wako huku ikikutazama.

Na pale katikati,
pale walipopanga kimya cha mapigo manne,
treni ya mizigo ya Kisumu ikapiga honi.

Ndefu.
Ikapita ukuta, ikapita magunia,
ikakaa kwenye utepe kama mwenye nyumba.
Gathiru aliganda, vijiti juu, mdomo wazi.
Rajula akamkazia jicho, akauvuta uzi
akaijibu honi kwa noti ileile ya ugomvi,
ikapanda,
na Tuwei, mbishi, akaipokea.

Heroe walitawanyika kabla santuri haijachakaa.
Tuwei alikwenda Molo kulima viazi.
Lubale tulimzika Butere na kiu yake.
Wimbo ukakataa jeneza.

Kondele, usiku wa Jumamosi, bendi ikifika pale katikati
umati mzima hukunja viganja midomoni: puuuuu!
Kwaya moja ya Kakamega imebadilisha maneno,
taa ya nyuma sasa ni taa ya Bwana,
ila honi wameiacha; sauti ya nne huiimba macho chini,
kama wanaotubu.
Mjukuu wangu ameuweka simuni.
Simu ikilia, mkono wangu huenda mfukoni kutafuta ufunguo.

Juzi kijana mmoja mwenye gita jipya akanieleza, kwa upole,
kwamba honi ile ni ishara ya mauti,
kwamba Rajula aliiwaza kwa miezi.
Nikamwambia ilikuwa saruji, mwanangu.
Mabehewa kumi na mawili ya saruji.
Akacheka. Hakuniamini.

Ghala sasa ni kanisa. Pareto haipimwi tena pale.
Lakini dereva yule namfikiria.
Labda alimwona mbuzi relini.
Labda alikuwa akipambana na usingizi.
Alipita saa nane na robo, akavuta kamba, akaenda zake Kisumu,
hajui kwamba alikuwa wa sita katika bendi,
hajui kwamba naye, kama mimi,
hajalipwa.