Ngozi Nayo Husikia

"Kidole kimoja hakivunji chawa,"
akasema fundi Mwinshehe, siku ya kwanza
nilipoweka juu ya benchi lake kidole cha plastiki,
kati ya jiriwa na kopo la grisi,
pale Gerezani, ambako chuma hakifi,
hubadili jina tu: leo ekseli, kesho nyundo,
keshokutwa mguu wa kitanda cha bwana harusi.

Sawa, nikasema. Nitaleta na cha pili.

Maana vilikwenda viwili, mkono wa kulia,
cha shahada na cha kati,
vikavutwa na mashine ya kukereza
mwaka ambao Jangwani ilijaa maji hadi kwenye paa za vibanda.
"Vilikuwa na haraka kuliko mimi," husema,
na hacheki; anakuachia wewe ucheke, uone haya.

Nilichora usiku. Nilipima kila kigutu
kwa kifaa kinachosoma unene wa unywele.
Mota nilizing'oa kwenye mashine za kuchapia zilizokufa,
kano ni mshipi wa Kariakoo, pima moja shilingi mia tano,
springi nilizitoa kwenye kalamu za ofisi
(mhasibu bado anamtafuta mwizi),
na kwenye ncha nikabandika kihisi
chembamba kama ganda la ndani la kitunguu.

"Cha nini hicho?"
Ili kisikie unachoshika.
"Kina masikio?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Miaka minne ya chuo, na hakuna aliyeniuliza.
Lakini ndivyo tusemavyo: ngozi nayo husikia.
Tunasikia baridi, tunasikia njaa,
tunasikia harufu ya kitunguu kikiungua
kabla ya kusikia mpishi akigombezwa.
Sikio ni kibarua mmoja tu katika kazi hiyo.

Tukaanza na mayai.
La kwanza lilipasuka kabla sijamaliza kusema polepole.
La pili. La tano. La nane likamrukia kwenye kofia.
Chambuso wa chipsi akaja na bakuli, akakinga,
na mchana ule Gerezani nzima
ikala chipsi mayai ya utafiti, na maganda humo humo.

Kitabu kilisema: shika kwa nguvu kiasi hiki.
Kitabu hakijawahi kushika yai.

La kumi na moja, umeme ukakatika.
Mashine zikazubaa moja moja,
mtaa ukawa kimya kama mtu aliyesahau jina lako.
Mwinshehe akaegemeza vigutu vyake kwenye kifuniko cha mashine
iliyokuwa bado ikizunguka kwa mazoea.
"Beringi ya kushoto inaumwa."
Nikabandika kihisi changu, chenye betri yake.
Mstari umelala, hauna habari.
Tukafungua. Ufa, mwembamba kama ukope.

"Pale vilipokatikia," akasema, "ndipo ninaposikia zaidi.
Hukuuliza."

Sikuuliza, kweli.
Nilivipima vigutu urefu, nikavipima upana,
sikuvipima ujuzi.

Basi nikampa kihisi akibonyeze mwenyewe,
kwa kigutu, macho kafumba,
kama anavyoshika kitu cha kuvunjika.
Bado. Bado. Hapo.
Namba nikaiandika kwa chaki kwenye mfuko wa saruji.
Haikufika hata theluthi ya ile ya kitabu.

La kumi na mbili:
vidole viliinuka, vikashuka,
vikagusa, vikasita
kama mgeni anayebisha hodi kwenye mlango uliokwisha funguliwa.
Vikasimama hapo hapo.
Yai zima.

Hakupiga makofi. Nani apige makofi
na mkono umeshika yai?
Alilitazama kwa muda, kisha akanitazama.
"Injinia Bupe, bado."
Bado nini, fundi?
"Vifundishe na joto.
Mke wangu akinishika mkono
nisidhani ni koleo."