Kinga

Kwanza alisahau bei.
Mteja wa yebo-yebo, pale Kiboriloni,
alijitazama kwenye kioo akauliza, "Shilingi ngapi?"
na mdogo wangu Aikande akamkodolea macho
kama aliyeulizwa jina la mvua.

Kisha usingizi ukamhama.
Usiku wa nne alikuwa akihesabu mbao za dari
kwa sauti isiyo yake,
akimlilia baba kama marehemu,
na baba yuko sebuleni, kiatu kimoja mguuni.

Walisema: ameachwa na mchumba.
Walisema: bangi. Walisema: deni la shangazi
aliyezikwa Uru kwa haraka.
Mimi nilisema: nyamaza, majirani wanasikia.
Hilo ndilo nililosema.

Siku ya maombi alirusha mikono
hivi, na hivi, kama anayefukuza nyuki,
nami ndiye niliyefungua khanga kiunoni
nikamfunga viganja.
Fundo la kufungia mkungu wa ndizi.
Alama ilikaa siku tisa.

Wodini, KCMC, midomo yake ilitafuna
kitu ambacho hakuna aliyempa.
Ulimi nje, ulimi ndani, taya likisaga
kama mashine iliyoachwa inanguruma, mahindi yameisha.
Macho wazi. Hayakutuona.
Na vidole, jamani, vidole vilikuwa kazini:
gawa, vuta, pitisha chini,
gawa, vuta, pitisha chini,
vikisuka kichwa cha hewa juu ya shuka.
Mmoja akasema kifafa.
Mwingine akasema apelekwe kwa wagonjwa wa akili.
Daktari Mshiu hakusema. Alivuta kiti,
akavitazama vile vidole nusu saa nzima
kama asomaye barua ya mwandiko mbaya.

Wakatoa maji ya uti wa mgongo,
kichupa kimoja, maangavu kama ya Njoro.
Wakapitisha kipimo tumboni, wakakuta
kwenye ovari ya kushoto uvimbe, saizi ya limau.
Ndani yake, tuliambiwa baada ya upasuaji,
mlikuwa na mafuta, jino moja,
na nywele.

Nywele!
Msusi aliyemaliza vichwa vya mtaa mzima
alikuwa na fungu lake mwenyewe, gizani,
halijawahi kuona chanuo.

Daktari alieleza polepole: mwili uliona kigeni kile,
ukatuma askari. Askari wakaishika sura ya adui,
wakapanda nayo hadi ubongoni,
wakaikuta sura ileile
kwenye milango ya watu wasio na kosa.
"Kinga yake ndiyo inayompiga," akasema.
Nami nikaiona kinga ya jikoni kwa mama,
ncha nyekundu, moshi machoni.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Lugha ilijua kabla yetu:
neno moja, hulinda, huunguza.

Tuliuza ng'ombe wa maziwa, na cherehani yangu.
Dripu. Steroidi. Uso ukamvimba.
Wiki ya tano taya likapumzika.
Wiki ya saba akasema, "Maji,"
akaonja, akakunja uso: "Ya moto haya."
Baba akatoka nje, akajifanya anapiga simu.

Nilimpelekea mtori, na kapuni jani la isale.
Kwetu ukilibeba huhitaji kueleza;
anayepewa anajua anaombwa nini.
Akaligeuza, akaligeuza tena. "La nini hili?"
Hakumbuki khanga. Hakumbuki fundo.
Wiki zile zote zimetoka kwake
zimehamia kwangu, na mizigo yao.
Sikumwambia.
Jani lilikaukia dirishani, kwenye chupa ya soda.

Jumamosi aliniketisha kibarazani.
"Nijaribu kwako," akasema, "wewe hutadai hela."
Mkono wa kushoto bado unaruka kidogo,
anaushikiza kwa goti, anaendelea.
Mstari wa tatu umepinda; nimeupapasa.
Kazini wananiuliza nani kanisuka vibaya hivi.
Na amekaza mno. Kisogo chawaka moto.
Nalala kifudifudi, sifumui.