Kipengele cha Saba

Bahasha kaileta Sekela wa masjala,
imefungwa kwa uzi wa gunia la viazi.
Fomu arobaini na moja. Juu yake mkuu wa idara
ameandika kwa wino mwekundu:
"Soma, saini, rudisha kabla ya Ijumaa."

Cha kwanza: Je, mhadhiri huwahi kipindi?
Tano. Tano. Tano. Nne. Tano.
Ningekuwa muungwana ningekiri:
ofisi yangu inatazama kusini, ni friji,
na chumba namba sita hupata jua saa moja na nusu.
Nawahi jua, wanangu. Ninyi mnanikuta.

Cha tatu: Je, sauti yake inasikika?
Mbili. Mbili. Moja, kwa hasira, karatasi imechanika.
Hapo najitetea. Machi ile yote
mvua ya Mbeya ilifundisha takwimu juu ya bati,
mimi nikawa msaidizi wake.
Fomu haina kisanduku cha bati.

Mmoja amechora Loleza na kofia yake ya ukungu,
chini: "Huwa unaongea na huu mlima, siyo sisi."
Nikageukia dirishani
kuhakikisha kama anasema kweli.

Wastani: tatu nukta nane.
Miaka kumi na tisa naufundisha, naujua:
ni mwanafunzi asiyewahi kuingia darasani
anayejibu kwa niaba ya wote.

Kisha cha saba, Maoni mengine.
Wengi wameacha wazi. Mmoja: "Asante."
Mmoja: "Punguza mazoezi, tuna mashamba."
Na mmoja, kwa penseli, herufi ndogo kama chenga za mchele:
"Mwaka jana ulinipa sita kwa mia,
pembeni ukaandika, Njoo tuongee.
Nilikuja mara mbili. Mlango ulikuwa umefungwa."

Fomu haina jina; ndivyo utaratibu unavyotaka.
Kabatini kuna mitihani ya mwaka jana,
ina majina, ina miandiko.
Ufunguo umo mfukoni, baridi kama kokoto ya mtoni.

Sikufungua.
Au tuseme nilifungua, nikafunga.

Nasaini: A. Mwaisumo. Tarehe.
Penye "Hatua atakazochukua mhadhiri"
nimeandika mstari, nikaufuta, nikaandika, nikaufuta,
karatasi ikatoboka.

Nimeinuka, nimeuwekea mlango jiwe usijifunge.
Baridi ya Juni imeingia bila kubisha,
imekaa kwenye kiti cha mgeni.