Shahidi wa Kona

Oulu, Februari. Nje digrii ishirini na sita chini ya sufuri,
ndani mashine mbili zinapumua joto mezani pangu,
nimezipa hesabu moja: jumlisha, zidisha, rudia
mara bilioni.

Ya kwanza ikatumia sekunde kumi na moja.
Ya pili ikatumia sufuri.

Si karibu na sufuri. Sufuri yenyewe, nono kama yai.
Sampsa akapiga mluzi. "Hii tuinunue leo,"
akaenda kuchemsha kahawa.

Nikaifungua programu, nikasoma kilichosalia
baada ya kompaila kuipitia na mkasi wake.
Kitanzi hakipo. Kuzidisha hakupo.
Imebaki saa inayoanza na saa inayokoma,
katikati theluji isiyokanyagwa.

Haikuiba. Iliisoma kazi yangu kwa makini kuliko nilivyoiandika:
jumla ile hakuna aliyeiulizia,
haikuchapishwa, haikuhifadhiwa, haina mwenyewe;
na kazi isiyo na mwenyewe, jasho la nini?

Nikamkumbuka baba, Armas, mpima muda wa mbio za skii kule Kuhmo,
mwaka ule kijana mmoja alipofika wa kwanza
na ndevu zake hazina hata chembe ya barafu.
Alikatiza msituni. Baba hakumfokea yeye,
alijifokea mwenyewe:
"Mwanzoni nimeweka watu, mwishoni nimeweka watu,
kwenye kona ya ziwa nimemweka nani?"
Mwaka uliofuata akaniweka mimi, umri miaka tisa,
na penseli, kwa kuwa wino huganda,
niandike namba ya kila kifua kinachopita.

Basi nikaongeza mstari mmoja: chapisha jumla.
Mashine ya pili ikaanza kunguruma. Sekunde saba.
Kahawa ikampoa Sampsa mkononi.

Saba kwa kumi na moja. Ningeishia hapo ningelala.
Lakini ya pili kompaila yake imeshonwa na kiwanda chake,
nguo ya kupimwa mwilini;
ya kwanza imevaa mtumba.
Nikazivisha zote mtumba: kumi na mbili kwa kumi na moja,
iliyoachwa nyuma sasa imetangulia.

Haki ni ipi? Kumfuta mtu nta aliyoipaka skii zake usiku kucha
kwa sababu jirani yake hana?
Au kuisifu miguu
wakati kilichoteleza ni nta?
Hata baba hakuwa na jibu. Alipima muda,
mambo ya nta akawaachia wenyewe.

Hilkka wa ununuzi anataka namba moja.
Kisanduku ni kimoja, amekipaka manjano.
Nimeandika nne, zimebanana kama viatu mlangoni,
na chini yake, kwa herufi ndogo, nani alivaa nini.

Saa kumi na nusu, jua linazama, amenirudishia:
"Fupisha."

Hata kompaila iliambiwa hivyo hivyo.