Mikono Iliyoota Moto Kwanza

Sababu zetu msituulize.
Zimo kwenye faili la kijani, kabati la tatu,
ofisi ya ustawi wa jamii, Tukuyu,
na ufunguo anao Bi Sikujua.
Mimi nitasema tu jinsi tulivyochagua.

Kuchagua nakujua. Miaka tisa kwenye chai ya Katumba
vidole vyangu hutangulia macho:
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
jani gumu liache, mizani italikataa.
Lakini chai haijawahi kunitazama.
Chai haichekei usingizini.

Wa kwanza walitoka Mbeya mjini, wakaja na albamu.
Nyumba ya vigae. Geti. Chumba cha rangi ya njano,
kitanda chenye chandarua cha vipepeo.
Yule mama alimpokea Subilaga
kwa mikono iliyotoka mvuani,
mtoto akashtuka, akajikunja kama kiwavi.
"Ana baridi," akasema, akanirudishia.

Ambokile usiku kucha: "Atakula yai kila asubuhi.
Yai, mama Subi. Kila asubuhi."
Nikamwambia, na akiweweseka, yai litaamka?
Hatukusemeshana mpaka majogoo.

Wa pili walikuwa watu wa Mungu kwelikweli.
Waliomba mpaka uji ukaganda utando.
Sina neno baya juu yao.
Waliniita "binti" mara kumi na moja,
jina langu hawakuliuliza.

Wa tatu walichelewa.
Mwezi wa nne huku kwetu, nani hachelewi?
Njia ikishanyeshewa ni ugali ambao haujaiva.
Tusajigwe, fundi cherehani wa Uyole,
na mumewe Lwitiko, anatengeneza redio.
Viatu wakaviacha mlangoni, vizito kama matofali.

Nilimnyooshea mtoto. Tusajigwe hakumpokea.
Alipiga magoti kwenye jiko la mkaa,
akaota viganja, akavigeuza, akaota na migongo yake,
akavijaribu shavuni kwake mwenyewe,
ndipo akasema, "Haya mama, niletee."
Kisha: "Hulalia upande gani?"

Upande gani.
Mimi niliyemzaa, ilibidi nifikiri.
Wa kushoto, nikasema. Na umshike sikio,
kidogo tu, kama unapima kitambaa.

Ambokile bado alikuwa anahesabu mayai.
Lwitiko akamgeukia polepole,
kama mtu anayetafuta stesheni usiku:
"Siku atakaponiuliza habari zako,
nimjibu nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.
Ambokile akainuka, akatoka nje,
tukasikia shoka likipasua kuni
ambazo alishazipasua jana.
Aliporudi alikuwa na kibanzi kwenye nywele.
"Mwambie babako anajua kupiga mluzi
bila kutia kidole mdomoni.
Mwambie hivyo kwanza. Mengine baadaye."
Lwitiko akachomoa penseli nyuma ya sikio,
akayaandika yote juu ya boksi la betri.

Usiku ule Ambokile hakutaja yai.

Wanasema tulichagua.
Neno zuri hilo, limevaa tai.
Lakini nendeni shambani mkatazame pale palipochumwa:
kikonyo kinatoa maji,
na mchai umesimama palepale,
unangoja ukungu upite.

Kwenye fomu walitaka sahihi na dole gumba.
Sahihi niliiweka, herufi zikanyooka.
Dole langu, jeusi kwa chai ya miaka tisa,
likakosa pa kushikia wino.
Karani akainua karatasi dirishani, akakunja uso,
akanirudishia bila ubaya wowote:
"Halisomeki, mama. Rudia."

Nikarudia.