Vali ya Bopwe

Namba kumi na saba katika daftari langu:
Injinia Mbwana Tani Shoka, mstaafu,
Idara ya Maji, Wete, miaka thelathini na mmoja.
Kinasa sauti nimekilaza juu ya kitambaa cha kufuma,
baina ya kikombe kitupu na vidonge vyake.
"Presha," anasema. "Zamani nikiipima mie.
Sasa inanipima yenyewe."

Nasoma swali la kwanza kama lilivyotoka afisini Unguja:
Tueleze mafanikio na changamoto.
Ananitazama kama geji iliyokwama.
"Mafanikio? Maji yakitoka. Andika hivyo.
Yasipotoka, watu wakilijua jina langu mpaka la babu.
Yakitoka, wakimshukuru Mungu,
na ndiyo haki yake."

Wenzake walikuwa wepesi zaidi.
Mwanakombo, mchora ramani, alinipa kidole chake nikishike,
kimepinda pale kalamu ya wino ilipokuwa ikilala.
Khelef wa gati la Mkoani alinihesabia nguzo moja moja,
zipi zimekaa juu ya mwamba,
zipi juu ya tope na ahadi.
Namba tisa, Sleyum wa majenereta,
alizikwa Jumatano. Miadi yetu ilikuwa Alhamisi.
Kifaili chake kina sekunde kumi na mbili:
moja, mbili, tatu, inasikika?
Sauti yangu mwenyewe, nikijaribu chombo.

Mbwana anachemka taratibu.
Anasimulia walivyokuwa wakitafuta uvujaji usiku wa manane,
ncha moja ya nondo juu ya bomba, ncha ya pili sikioni.
"Bomba zima hunyamaza. Lenye tundu hunong'ona,
na ukilikaribia sana huona haya, likashusha sauti.
Hilo hulisomi chuoni. Utakaa kitako mtaroni,
suruali imerowa, mpaka sikio likubali."

Halafu anasema: "Zima hicho."

Nazima. Kitaa chekundu kinakufa.
Ipo vali ya inchi nane Bopwe, chini ya lami,
haimo kwenye ramani yoyote, hata zile za Mwanakombo.
Ilikuwa ya Kangagani. Imo stoo, ndani ya sanduku lake, na grisi yake,
na mgeni mkubwa anakuja mjini,
na mifereji ya mjini inakohoa upepo.
"Nikaichukua. Nikaifunga usiku, kwa mkono wangu.
Asubuhi lami ikapita juu yake,
nami nikatia saini mchoro usio na vali.
Kangagani walingoja miaka miwili."

Ananyamaza kama bomba zima.
Au lenye tundu. Mie bado sijui kutofautisha.

Mlangoni yupo Bi Kazija, mkewe, na chupa ya chai.
Sijui amesimama hapo tangu lini.
Anaiweka mezani, anapangusa tone kwa ncha ya kanga.
"Hatua kumi na nne kutoka pembe ya skuli," anasema,
"si kumi na mbili kama anavyodhani yeye. Nilizihesabu."
Kisha, bila ya kumtazama:
"Mie ni mtu wa Kangagani, mwanangu. Hakukwambia?
Siku walipokuja na posa walinikuta njiani,
ndoo kichwani."

Injinia anageuza vidonge vyake,
anasoma maandishi madogo ambayo miwani hiyo haiyafikii.

Nafungua ukurasa mpya.
Kinasa nakigeuza, kimwelekee yeye.
"Niwashe?"
"Washa."

Namba kumi na nane. Jina kamili?
"Kazija Omar Faki."
Kazi?
Anamimina kwanza, vikombe vitatu,
cha mumewe bila sukari.
"Mchota maji," anasema. "Andika hivyo."