Nati Mfukoni

Nimekuja Mwanjelwa na nati moja mfukoni,
namba kumi na nne, ya manifodi ya Fuso
iliyolala Uyole tangu Jumatatu na magunia tisini ya viazi.
Wenzake saba bado wameng'ang'ania kule ndani, nyuma ya bomba.
Sikuandika orodha. Nina hiyo nati
na kidole cha shahada kisicho na ngozi.

Spana ya fleti hushika kwa mashavu mawili tu,
kama mtu anayekusalimia huku anaangalia pembeni.
Ukikaza inateleza, na ngumi yako inajipeleka yenyewe kwenye bloku.
Na Mbeya, Julai, saa kumi na mbili asubuhi,
chuma kina meno.

Chanda chema huvikwa pete, walisema.
Kilichochunika hawakusema kifanyweje.
Mimi nimekuja kukitafutia pete:
ringi yenye shingo iliyopinda,
ivuke ukingo, ishuke mpaka kwenye nati iliyojificha,
na huku juu iniachie upenyo wa vidole vinne kupita salama.

Lusekelo ananitandikia seti mpya.
Nane, zinang'aa kama masufuria ya bibi harusi.
"Kromu vanadi, dada. Si imeandikwa hapo?"
Imeandikwa. Hata gunia la mahindi yaliyobunguliwa
huandikwa Daraja la Kwanza.

Natoa nati yangu, naivisha.
Inacheza,
inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nazungusha kidogo, nasikia *tki*,
kile kisauti kinachotangulia hasara.
Nachungulia ndani ya pete, nahesabu pembe: kumi na mbili zote zipo,
butu, kama zimechongwa kwenye sabuni.
Lusekelo anacheka. "Dada Tusekile, unanunua spana au unaposa?"
Naposa, mdogo wangu.
Hii nitalala nayo chini ya magari miaka ishirini.

Ndipo anapoinama chini ya meza,
anatoa turubai lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ndani, saba. Nyeusi. Kutu ya kahawia mabegani,
na kila moja shingoni ina mikato mitatu ya tupa.

Mikato ya tupa si pambo. Ni mtu anasema: yangu.
"Hizi zina mwenyewe?"
"Mzee Mwasomola, alikuwa karakana ya reli, Iyunga. Kastaafu.
Yuko Rungwe na parachichi zake.
Anasema mti haufunguliwi kwa spana."
"Nipe namba yake."

Inaita, inaita. Kisha upepo wa shambani, na sauti:
"Alama ngapi?"
"Tatu."
"Ya kumi na nane kwa kumi na tisa haipo. Usiniulize."
Siulizi.
"Na hiyo ya kumi na nne usije ukaigonga nyundo.
Mimi sijawahi kuigonga."
Simu inakatika, au ameikata.

Naivisha nati. Inasita kidogo mlangoni,
halafu inaingia kama mguu kwenye kiatu chake cha kila siku.
Naitikisa.
Kimya.
Naipima mkononi: uzito wake umekaa katikati,
haunivuti huku wala kule.

Mpya, nane, elfu thelathini na tano.
Hizi kuukuu, pungufu moja, elfu themanini.
Mwanamke wa duka la jirani anatikisa kichwa, anarudi kupanga betri zake.
Nimeomba nipunguziwe, nimepunguziwa elfu mbili na kikombe cha chai.

Nauli iliyobaki inaishia Ilomba.
Kuanzia hapo ni miguu, na turubai begani,
na ukungu unashuka kutoka mlimani bila haraka.
Lile pengo la kumi na nane kwa kumi na tisa
linanigonga mgongoni kila hatua; chuma cha pande mbili kinaligombea.
Uyole, viazi vitakuwa vimeshaanza kuota macho.
Sawa. Vinitazame.